Wino Mwekundu

Muuguzi alikuwa na kalamu ya rangi nne.
Akabofya nyekundu,
akaandika kwenye kadi yangu: miaka 41.
Akapiga mstari chini yake. Mara mbili.
Ukungu wa Tukuyu ulikuwa bado umekaa dirishani
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.

Kabla ya hapo, yule wa mapokezi aliniuliza:
"Bibi, mwenye mimba yuko wapi?"
Nikafungua vifungo vya koti.
Benchi zima likanyamaza,
isipokuwa Syabumi,
aliyecheka mpaka mwavuli ukamponyoka.

Syabumi, niliyekaa naye dawati moja,
tukigawana rula na kipande cha muhindi.
Leo amemleta binti yake, Bupe, mimba ya kwanza.
Mimi nimejileta.

Wino ni uleule, naukumbuka:
ulilifuta jina lake kwenye daftari la mahudhurio,
kidato cha pili, mwezi wa sita, baridi ya kung'ata.
Mwalimu alivuta mstari taratibu
asibakize hata herufi moja nje.
Kisha tukaendelea na hesabu, kutafuta x.
Hakuna aliyetumwa kumtafuta Syabumi.

Haraka haraka haina baraka, walimwambia,
ndoo kichwani, mtoto mgongoni.
Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako,
waliniambia mimi kwenye harusi za wengine,
wali ukiwa bado mdomoni.
Methali zetu zina jibu la kila mtu.
Sijaona iliyomsaidia mtu kuteka maji.

Miaka ile nilikuwa Katumba, karani wa chai,
nikiandika kilo za majani waliyochuma wengine.
Nikamwezekea mama bati la samawati.
Akalitazama, akasema: "Zuri.
Mvua itasikika vizuri."
Halafu: "Itasikilizwa na nani?"
Amekufa miaka miwili kabla ya kadi hii.
Hilo nimekosa pa kuliandika;
kadi haina kisanduku chake.

Syabumi anasema usiku wa kwanza
aliolala bila kuamshwa na mtoto
alikuwa na miaka thelathini na tano.
Akashtuka alfajiri, akilia,
akidhani kuna mtu amekufa.
Sasa kitinda mimba wake yuko bweni,
naye jioni anarudi darasani,
kidato cha pili, palepale alipofutwa.
"Hiyo x," ananinong'oneza,
"mpaka leo haijapatikana."

Gwakisa, mume wangu, anauza miche.
Ananifariji kwa anachokijua:
parachichi la kubebesha huzaa mwaka wa tatu,
la mbegu husubiri wa saba au zaidi,
na mezani hakuna anayeuliza.
Nikamwambia, mimi si parachichi.
Hakuna mche unaoamka saa nane za usiku
ukahesabu kwa vidole:
akimaliza kidato cha nne, nitakuwa na hamsini na nane.
Alinyamaza. Akanivuta miguu, akaikanda
mpaka jogoo.

"Basi nani kati yenu alipatia?"
Bupe anauliza, mkono kiunoni, soksi moja imeshuka.
Tunatazamana, mama yake na mimi.
Nataka kusema yeye, kwa ajili ya magoti yangu.
Naona naye anataka kusema mimi,
kwa ajili ya kitu ambacho hatakitaja mbele ya mwanawe.
"Vuta soksi," Syabumi anamjibu. "Baridi itakuingia."

Kisha anaichukua kadi yangu,
analowesha kidole kwa mate,
anaisugua ile mistari.
Haifutiki.
Wino unasambaa tu, unageuka waridi,
unapanda taratibu
mpaka kwenye jina langu.